Swali Asiloulizwa Komadre

Usajili wa masomo ya kiangazi ulifunguliwa saa mbili asubuhi, na kabla kahawa haijapoa somo la mikrobiolojia lilikuwa limeshajaa. Nereida Cantú alibaki ameikodolea simu macho, kidole bado kimegusa kioo, kana kwamba chuo kingemwonea huruma kikafunguka tena.

"Wa sita," alimwambia mumewe.

"Wa sita katika wangapi?"

"Viti ishirini na vinne vimejaa, Lalo. Mimi ni wa sita katika wale wanaongojea mmoja wao afe."

"Si lazima afe," alisema Eulalio, ambaye wote walimwita Lalo. "Anaweza kuvunjika mgongo tu."

Alicheka peke yake. Mwaka mmoja nyuma alikuwa akiezeka paa huko mjini McAllen, ngazi ikateleza, na tangu hapo mtu aliyekuwa akibeba mizigo ya vigae begani alikuwa hawezi kubeba ndoo ya maji. Tajiri wake alileta kuku wa kuoka hospitalini, akasema pole, akabadilisha namba ya simu. Sasa nyumba nzima, yaani Lalo, Nereida na binti yao Yaretzi wa miaka tisa, ililishwa na mikono ya Nereida, na mikono hiyo ilikuwa ikiogesha wazee majumbani mwao kwa malipo ambayo hata wazee wenyewe walikuwa wakiyaonea aibu.

Njia ya kutoka hapo alikuwa akiijua. Wauguzi wenye cheti walilipwa mara tatu. Lakini shule ya uuguzi haikupokei hivi hivi. Kwanza sharti uwe na masomo ya awali, na masomo hayo, jamani, yalikuwa na tarehe ya kufa kama maziwa ya dukani. Anatomia na fiziolojia alizisoma akazipata vizuri, karibu miaka mitano iliyopita, akifua mashuka ya watu mchana na kukariri majina ya mifupa jioni. Likabaki somo moja tu, mikrobiolojia. Kisha mambo ya nyumbani yakamvuta huku na huku, na mwisho akaanguka Lalo. Mwisho wa Agosti mwaka huu miaka mitano ingetimia na masomo yote mawili yangekufa. Asipopata mikrobiolojia kiangazi hiki, angeanza upya kutoka mfupa wa kwanza, na alikuwa anajua moyoni kwamba hataanza tena. Nguvu hiyo hakuwa nayo.

*

Jioni ile alikuja Zulema na mfuko wa mikate mitamu. Zulema ndiye aliyemsimamia Yaretzi ubatizo, na tangu siku ile ya maji ya kanisani yeye na Nereida hawakuitana kwa majina; ilikuwa komadre huku na komadre kule. Kwa watu wa Bonde lile la mpakani Texas, komadre ni zaidi ya ndugu. Ndugu unazaliwa naye ukiwa huna la kusema, lakini komadre umemchagua mwenyewe mbele ya padri.

Zulema alikuwa na kazi katika chuo cha binafsi kilichokodi vyumba kando ya duka la matairi, barabara kuu. Mlangoni pake paliandikwa mshauri wa wanafunzi. Ukweli ni kwamba kazi yake ilikuwa kuwatafuta.

"Kwani unalilia nini, komadre?" alisema, huku akijimiminia kahawa bila kukaribishwa, kama ilivyo haki yake. "Kwetu hakuna orodha ya kungojea. Jioni kabisa, ukitoka kwa wazee wako unakuja unakaa. Wiki kumi, mikrobiolojia hiyo mkononi. Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Haraka haraka nayo haina baraka," alisema Lalo kutoka kwenye kochi.

"Wewe nyamaza, kompadre. Haraka yako ilikutoa juu ya paa."

Walicheka wote watatu, hata Lalo. Kisha Lalo akauliza bei, na Zulema akaitaja akiwa anatazama dirishani: dola elfu moja na mia tisa.

"Kwa somo moja? Chuo cha serikali ni mia sita!" Lalo aliinuka kidogo, mgongo ukamrudisha chini. "Hivyo vijidudu wanavilisha nyama gani?"

"Cha serikali ni rahisi kwa sababu hakina nafasi. Hata mimi naweza kukuuzia kwa bei poa kitu nisichokuwa nacho." Zulema alimgeukia Nereida na kumshika mkono. "Hela isikutishe. Tutauza sahani za kuku. Jumamosi, mbele ya nyumba yangu. Niachie mimi."

Alipoondoka, Lalo alingoja mlio wa gari lake upotee.

"Umemwuliza kama shule ya uuguzi inayatambua masomo ya kwao?"

"Bado."

"Si ungemwuliza?"

"Nimwulize vipi, Lalo?"

Lalo mwenyewe alikuwa anajua ugumu wake. Alipoanguka, Zulema ndiye aliyeleta chakula miezi mitatu, tena katika vyungu vyake mwenyewe, asitake virudishwe vimejazwa. Ndiye aliyelipa umeme ulipokatwa. Ndiye aliyempeleka Yaretzi shuleni Nereida akiwa hospitalini. Mtu kama huyo anakuja na kuweka mlango wazi mbele yako, nawe umwambie ngoja kwanza nikague bawaba? Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hawakutuambia kwamba mahali pengine kuuliza ni tusi.

*

Bondeni, mtu akipatwa na shida, majirani huchoma kuku na kuuza sahani. Awe anapasuliwa moyo, awe anazikwa, awe ametiwa mbaroni, ni sahani. Nusu kuku, wali, maharage, kipande cha mkate mweupe, pilipili moja, na kila mtu ananunua hata kama ametoka kula. Lakini hanunui kuku peke yake. Ananunua pia haki ya kukuuliza baadaye mambo yameishia wapi.

Lalo alichoma ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akigeuza kuku kwa koleo refu, jasho likimtiririka. Nereida alifunga sahani. Zulema alipokea fedha katika mkebe wa biskuti na kupiga kelele za kuita magari.

"Karibuni! Mnamsomesha nesi! Kesho kutwa ndiye atakayewafumba macho!"

"Nesi, nipime presha basi," alisema Doña Tencha, bibi wa nyumba ya kona, na kunyoosha mkono wake mnene juu ya maharage.

"Nikila sahani mbili, sindano utanichoma bure?" aliuliza mwanamume mmoja, na wenzake wakampiga begani wakicheka.

Nereida alicheka nao. Kila sahani aliyoitoa aliiona inamfunga kamba nyingine mguuni. Alikuwa hajakaa hata darasa moja, na tayari mtaa mzima ulikuwa umeshamvika sare nyeupe.

Alasiri lilisimama gari kubwa jeupe. Alishuka Bi Leticia Treviño, ambaye mama yake mzazi huogeshwa na Nereida siku tatu kwa wiki. Alinunua sahani kumi, akatoa noti kubwa mbili juu yake, kisha akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Sisi tunamwombea Nereida afike mbali. Ila mwenzangu, Jumatatu usichelewe. Mama alijichafua Ijumaa na wewe ulikuwa umeshaondoka, ikabidi nimguse mimi."

Watu walitazama vyakula vyao. Nereida alisema, "Sitachelewa, mama," akafunga sahani ya kumi na kuikandamiza foili pembe moja baada ya nyingine. Lalo alikuwa amegeukia moto. Koleo lilikuwa limetulia mkononi mwake na kuku mmoja alikuwa anaungua.

Jioni mkebe ulikuwa na elfu mbili na zaidi kidogo. Zulema aliufunika kwa kifuniko na kuutia kwapani.

"Nakaa nao mimi. Kwenu hakuna hata kufuli la maana."

Nereida alitaka kusema uache hapa, komadre. Ulimi ulifika mpaka kwenye meno.

"Asante, komadre," alisema.

*

Alhamisi alikwenda chuo cha serikali, peke yake, bila kumwambia hata Lalo. Foleni ya dirisha la ushauri ilizunguka nguzo mbili. Mama wa dirishani, mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, alimsikiliza bila haraka, na upole wake karibu umlize Nereida.

"Wa sita si vibaya," alisema mama yule. "Kiangazi watu wengi hawatokei siku ya kwanza. Njoo Jumatatu saa mbili asubuhi, usimame darasani. Asiyekuja jina lake linafutwa, na aliyesimama pale anachukua kiti kwa kufuata orodha. Lakini uwepo. Na ukipata, ulipe siku hiyo hiyo kabla ya saa kumi na moja, kwa mkupuo. Malipo ya kidogo kidogo tumeshayafunga."

"Asante, mama. Na swali jingine." Nereida alikisogelea kioo. Shule ya uuguzi yenyewe ilikuwa jengo la jirani. Hapa hapa ndipo jibu lilipokuwa, limekaa nyuma ya kioo limevaa miwani. "Mtu akisoma mikrobiolojia kwingine... tuseme katika chuo cha..."

"Nere! Ni wewe?" Sauti ilitoka nyuma yake. Alikuwa Chayo, wifi yake Zulema, amekuja kumwandikisha mwanawe. "Hujambo! Sahani zilikuwa tamu hizo! Komadre wako hajambo? Mbona uko huku, si unaanza kwao?"

"Hajambo," alisema Nereida. Shingo ilimwaka moto. Alirudi dirishani. "Akisoma kwa njia ya mtandao, nauliza. Mtandaoni."

"Mtandaoni tunakubali, mradi chuo kiwe kimojawapo cha tunavyovitambua. Ulikuwa unafikiria kipi?"

"Nilikuwa nauliza tu."

Alitoka nje kwenye jua. Simu ilikuwa mkononi, na namba ya dirisha lile ilikuwa imebandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Angeweza kupiga akiwa garini, vioo vimepandishwa, asisikiwe na mtu. Hakupiga. Alijiambia kwamba Jumatatu atapata kiti na swali halitakuwa na kazi tena. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa. Sababu yenyewe ilikuwa kwamba alikuwa anaogopa jibu.

*

Jumatatu alimpigia Bi Leticia kusema atachelewa, akakatiwa simu. Saa mbili alikuwa amesimama ukutani mwa maabara pamoja na wengine. Mwalimu, Bi Ochoa, aliita majina taratibu. Kila aliyeitikia, Nereida alimchukia kidogo.

Wanne hawakuitikia.

Mwalimu alihamia kwenye orodha ya kungojea. Wa kwanza alikuwepo. Wa pili hakuwepo. Wa tatu alikuwepo. Wa nne aliitwa mara mbili, akakosekana. Wa tano aliinua mkono.

"Cantú, Nereida."

"Nipo!" Sauti ilitoka kubwa mno, watu wakageuka.

"Kiti cha mwisho ni chako. Ulipe leo kabla ya saa kumi na moja, la sivyo kompyuta inakutoa yenyewe na mimi siwezi kukusaidia."

Msichana aliyekuwa amesimama kando yake, wa saba, alichukua begi lake sakafuni. "Hongera, dada," alisema. Alijitahidi kutabasamu akashindwa, akatoka.

Nereida alikaa. Meza ilikuwa ya baridi na yenye mikwaruzo, na alilia hapo hapo, bila kujificha, kwa furaha ambayo hakuwa ameionja tangu Lalo aanguke. Mia sita. Mkebe ulikuwa na elfu mbili. Zinazobaki angewarudishia watu, au angenunua vitabu, au angemwachia komadre kwa shukrani. Lolote.

*

Zulema alimsikiliza mpaka mwisho. Ofisi yake ilikuwa na harufu ya mpira kutoka duka la matairi, na nyuma yake palikuwa na picha ya wanawake wanaocheka wamevaa sare za hospitali.

"Nimeshalipa, komadre," alisema. "Ijumaa. Nilitaka nikushikie nafasi."

"Umelipa bila kuniambia?"

"Nikuambie nini, na sahani tuliuza kwa ajili hiyo? Mtaa mzima unajua unaanza hapa leo jioni."

"Basi zirudishwe. Hazirudi?"

Zulema alisogeza kalamu kutoka upande huu wa meza mpaka upande ule. "Ukijitoa kabla ya darasa la kwanza zinarudi zote. Likishaanza, hata senti. Lakini karatasi ya kukutoa sharti niisaini mimi." Alishusha sauti, maana mlango wa bosi ulikuwa wazi. "Na nikiisaini, komadre, nimekwisha. Mwezi huu nimeleta watu wachache. Ijumaa aliniambia kichwa kimoja kikipungua tena, nifungashe. Mimi ni mwanamke peke yangu na nyumba ya kupanga. Nitakwenda wapi?"

"Nipe mia sita tu. Za kwako. Nitakulipa."

"Ningekuwa nazo ningekuwa nauza kuku juani?"

Nereida alimpigia Lalo. Lalo hakugombeza, wala hakusema si nilikwambia. Alimwomba jirani amsaidie kupakia mashine yake ya kupigia misumari na pampu yake ya upepo, vitu alivyokuwa amevifunika shuka gereji vikingojea mgongo upone. Baada ya muda alipiga kutoka duka la rehani.

"Wametoa mia mbili na thelathini," alisema. "Nimewaomba, Nere. Nimewaomba mpaka nimeona haya."

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia kumi na nusu.

"Komadre," alisema Nereida, "saini."

Zulema alianza kulia. Hakulia kwa kujionyesha. Machozi yalimtoka tu huku akiyafuta kwa kiganja asionekane na bosi. "Nilikulisha miezi mitatu. Sikukuhesabia. Sasa unataka unifute kazi kwa mkono wangu mwenyewe? Kweli fadhila za punda ni mateke."

Neno lile lilimpiga Nereida palipouma. Kisha, kwa sauti ndogo, akatoa nusu ya swali lake. "Niambie tu yanakubaliwa. Shule ya uuguzi. Haya ya hapa yanakubaliwa?"

Zulema aliweka mkono kifuani. "Naapa kwa kichwa cha Yaretzi, binti yangu wa ubatizo. Yanakubaliwa."

Baada ya kiapo hicho pangebaki la kusema lipi? Kumwambia sikuamini kungekuwa kuyamwaga maji ya ubatizo mtaroni. Nereida alichukua begi lake, akasema, "Haya, komadre," akaenda kukaa garini mbele ya duka la matairi, vioo vimeshushwa kwa joto. Saa kumi na moja simu ilitetemeka mapajani. Ujumbe ulikuwa mfupi: jina lake limefutwa, kiti amepewa anayefuata. Alimkumbuka yule msichana wa saba, na alitamani kumfurahia lakini hakuweza.

*

Darasa la jioni lilikuwa na wanawake kumi na wanane. Wengine walikuwa bado wamevaa sare za migahawa, mmoja alikuwa na vidole vyenye rangi ya vitunguu alivyokuwa akimenya kiwandani. Hapakuwa na maabara wala darubini hata moja. Palikuwa na viti, ubao, na picha ya bakteria. Mwalimu alikuwa kijana mfamasia, mwenye kuona haya, ambaye alikuwa ameajiriwa wiki ile. Alijitambulisha, akagawa ratiba, akaeleza mitihani.

"Kuna swali?" aliuliza.

Nereida hakukusudia. Mkono wake ulinyanyuka wenyewe, na alipousikia mdomo wake ukisema alishangaa ulivyokuwa mtulivu.

"Mwalimu, shule ya uuguzi ya hapa inayakubali masomo ya chuo hiki?"

Kijana yule alitazama wanawake wote, mmoja mmoja.

"Hapana," alisema. "Haijawahi. Niliwauliza kabla sijaajiriwa. Mimi... nilidhani mmeambiwa. Nilidhani mnasoma kwa ajili ya vyeti vya hapa hapa."

Mlangoni alikuwa amesimama Zulema na karatasi za mahudhurio, na Nereida alipomgeukia aliuona uso wake umekuwa wa kijivu, uso wa mtu anayesikia jambo kwa mara ya kwanza.

"Mimi waliniambia yanakubaliwa," alisema Zulema, bila kumwelekea mtu yeyote. "Bosi aliniambia. Alinipa kazi nikiwa sina hata mafuta ya gari. Ningemwulizaje?"

Karatasi zilimponyoka, naye hakuinama kuziokota. Kule nyuma mwanamke mmoja alianza kuuliza fedha zinarudi saa ngapi, mwingine akamjibu kwamba darasa limeshaanza, hazirudi, na sauti zikapanda. Mwalimu alikuwa akisema samahani, samahani. Nereida alibaki kitini. Alikuwa akiwaza Agosti, na mtaa mzima ukimngojea na mikono imenyooshwa ipimwe presha.

Mwanamke wa kiwanda cha vitunguu aliyekaa kando yake alikuwa hapigi kelele. Daftari lake lilikuwa jipya, na kwenye ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika jina lake kwa mwandiko mzuri na kulipigia mstari mara mbili. Alimgeukia Nereida, macho yamejaa maji, na alichokisema hakikuwa shukrani.

"Na wewe ulikuwa na haja gani ya kuuliza?" alinong'ona. "Si ungeniacha angalau niimalize wiki moja."